Tippu Tip, mrithi wa maneno matupu

Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Miaka ya 1870 alifika Utetera, upande wa mto Lomami, kwa sultani mzee Kasongo Rushie. Njiani alikuwa amesikia kwamba dada ya mzee alitekwa zamani. Basi akajifanya mjukuu wa dada huyo. Hakuna shahidi, hakuna karatasi. Mzee akampokea kama damu yake, akamwachia utawala. Raia wakajikuta chini ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Leo Sheria ya Familia ya Kongo, ya 1987, inamweka mtoto aliyepokelewa kati ya warithi wa kwanza, lakini kupokelewa kwenyewe kunapitia tribinali.