James Black: Tabibu aliyeupunguzia moyo mzigo

KATIKA historia ya tiba ya maradhi ya moyo, jina la James Black lina nafasi ya pekee. Alizaliwa Juni 14, 1924 mjini Uddingston, Scotland, akiwa wa nne kati ya wana watano wa mhandisi wa migodi. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka wa 1946. Kwa kuandamwa na madeni ya masomo, alikwenda kufundisha Singapore, kisha akarejea mwaka wa 1950 kuendeleza utafiti jijini Glasgow.

Kifo cha babake, aliyepatwa na mshtuko wa moyo baada ya ajali ya gari, kilimwachia swali zito. Mtu anapotaharuki, mwili hutoa adrenalini inayoufanya moyo upige kwa kasi na nguvu. Moyo ambao mishipa yake imeziba hukosa oksijeni ya kutosha kwa kazi hiyo. Wakati huo matabibu wengi walitafuta jinsi ya kuuongezea moyo damu. Black aliazimia kuupunguzia kazi.

Mwaka wa 1948, Mmarekani Raymond Ahlquist alikuwa ameeleza kwamba adrenalini hutenda kazi kupitia vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Black alijiunga na kampuni ya ICI mwaka wa 1958 kutafuta dawa ya kuvikalia vipokezi vya beta, mithili ya kitasa kilichozibwa ili ufunguo usiingie. Dawa ya kwanza, pronethaloli, iliachwa ilipozua uvimbe katika panya. Ikafuata propranololi, iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1960. Ilituliza maumivu ya kifua, na ikabainika kuwa hushusha pia shinikizo la damu.

Black alibuni pia simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo, na mwaka wa 1988 akatuzwa Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Aliaga dunia Machi 22, 2010, akiwa na umri wa miaka 85.

Leo, mgonjwa mwenye shinikizo la damu pekee mara nyingi huanzishiwa dawa nyingine. Hata hivyo, beta bloka zingali nguzo ya matibabu kwa wengi ambao moyo wao umedhoofika au hupiga bila mpangilio. Zinaweza kumdhuru mwenye pumu, na kuziacha ghafla bila ushauri wa daktari ni hatari, kwani moyo uliozoea kutulizwa huelemewa upya na mzigo uleule.