Mchoraji mwenye miguu mifupi

Henri de Toulouse-Lautrec alizaliwa Albi, Ufaransa, mwaka 1864, katika jamaa ya kitajiri. Akiwa na miaka 13 alivunjika paja moja. Mwaka uliofuata, la pili. Mifupa iliungana, lakini miguu ilikataa kukua. Kucheza dansi hakuweza. Basi akachora wenye kucheza.

Mwaka 1891, kule Paris, alifanya afishi ya nyumba ya dansi Moulin Rouge. Alichora ku jiwe, kisha wakapiga kopi karibu 3.000, sawa vile sisi tunapiga gazeti hili na stensili. Mule yuko La Goulue, binti wa mfua nguo, anarusha mguu. Jina lake likabandikwa ku kuta za mji. Mwaka 1893 akachora Jane Avril.

Pombe na ugonjwa vilimwua mwaka 1901, akiwa na miaka 36 tu. Kwa pombe tusimfuate.

Lakini humu mwetu Masisi, mwenzetu wa fimbo tunamcheka bule siku ya mpira. Afishi ya mechi ijayo, tumpe yeye aichore.