Daktari aliyesikiliza vifua vya maskini

Leo ukitoka ibadani huenda ukapita hospitalini kumwona mgonjwa. Humo wodini utamkuta daktari ameweka mipira miwili masikioni, ncha yake ikiwa kifuani kwa mgonjwa, anamwambia avute pumzi, aitoe, avute tena. Stetoskopu tumeizoea mno, hata hatuulizi ilitoka wapi. Ilitoka kwa Mkristo mmoja wa Ufaransa, mfupi, mwembamba, asiye na afya nzuri, aliyeitwa René Laennec. Naomba Jumapili hii nikusimulie habari zake, kwa sababu naona zinatugusa sisi tunaojiita watu wa kuombea wagonjwa.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, jimbo la Brittany, kule pwani ya magharibi ya Ufaransa. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyependa mashairi kuliko kulea, na fedha hazikukaa mkononi mwake. Watoto wakagawiwa ndugu. René akaangukia mikononi mwa baba yake mdogo, Guillaume, daktari katika mji wa Nantes. Wewe unayelea mtoto wa ndugu yako na kujiuliza kama kazi hiyo ina faida yoyote, mkumbuke Guillaume. Jina lake halitajwi mara nyingi, lakini bila yeye leo nisingekuwa na habari ya kukuandikia.

Nyumba ya Guillaume ilitazamana na uwanja wa Bouffay, na mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, mashine ya kukata watu vichwa ilisimamishwa uwanjani hapo. Mtoto wa miaka 12 aliyaona hayo. Mwishoni mwa mwaka 1793, mapadre wapatao 90 walizamishwa katika mto Loire, mjini humo humo. Vijana wengi wa kizazi chake walitoka katika miaka hiyo bila imani yoyote, nami siwezi kuwalaumu kwa haraka. Laennec mwenyewe aliishi miaka kadhaa bila kujali sana mambo ya Kanisa. Alirudi akiwa kijana, mwanafunzi wa udaktari jijini Paris, akajiunga na kikundi cha sala cha vijana Wakatoliki. Tangu hapo hakuondoka, ingawa miongoni mwa madaktari wasomi wa Paris mtu wa kusali alichekwa.

Paris alikuwa amefika mwaka 1801. Miaka miwili baadaye alizoa zawadi za juu za tiba na za upasuaji. Mwalimu wake mkuu alikuwa Corvisart, daktari wa Napoleon, na hapa ndipo habari ya kifua inapoanza.

Zamani zile daktari aliyetaka kujua kilichomo ndani ya kifua alikuwa na njia chache. Alimwuliza mgonjwa, akamtazama anavyohema, akashika mshipa wa mkono. Basi. Mwaka 1761 daktari mmoja huko Vienna, Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, aliandika kitabu kidogo kuonyesha kwamba ukigonga kifua kwa vidole, kifua chenye hewa hulia kama ngoma, na kilichojaa maji hutoa sauti nzito, kama ya kugonga paja. Wengi walimpuuza. Corvisart ndiye aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa mwaka 1808, akawafundisha wanafunzi wake kugonga. Ipo pia njia ya kale ya kulaza sikio juu ya kifua, lakini wengi hawakuipenda. Wagonjwa wa hospitali za maskini walikuwa na jasho na chawa, na kwa wanawake ilikuwa aibu.

Mwaka 1816 Laennec, aliyekuwa amepewa wodi katika Hospitali ya Necker, aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Alikuwa mnene, kwa hiyo kumgonga hakukusaidia. Kulaza sikio kwenye kifua cha binti wa umri ule Laennec aliona si heshima. Akakumbuka jambo linalojulikana na watoto: ukikwaruza kwa pini ncha moja ya gogo, aliyeweka sikio ncha ya pili husikia vizuri sana. Akachukua karatasi, akazikunja zikawa kama bomba gumu, akaweka upande mmoja juu ya moyo wa binti na upande wa pili sikioni mwake. Akausikia moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu.

Hapo nataka usimame kidogo nami, msomaji. Kuna watu hudhani haya na heshima ni kizuizi cha maarifa. Kwa binti huyu, heshima ndiyo iliyomlazimisha daktari atafute njia nyingine, na njia ile ikawa bora kuliko ya kwanza. Angekuwa mtu asiyejali mwili wa maskini, angelaza sikio lake pale, asikie alichosikia, aende zake.

Laennec alikuwa fundi. Alipiga filimbi, na mbao aliweza kuzichonga mwenyewe kwa mashine ya kukerezea. Karatasi zikageuka kuwa bomba la mti lenye urefu wa karibu sentimeta 30, lenye tundu katikati. Mwanzoni aliliita silinda tu. Baadaye akaunga maneno mawili ya Kigiriki, kifua na kutazama, na chombo kikawa na jina tunalolijua.

Lakini chombo si kitu bila kazi iliyofuata, na kazi hiyo mimi naiona kubwa kuliko ugunduzi wenyewe. Kwa karibu miaka mitatu alipita kitanda hadi kitanda, anasikiliza, anaandika. Mgonjwa akifariki, alifanya uchunguzi wa maiti ili alinganishe alichosikia na kilichokuwemo. Hivyo akajifunza kwamba mlio mdogo kama chumvi inayopasuka juu ya chuma cha moto huashiria nimonia. Sauti ya mgonjwa ikitetemeka kama mlio wa mbuzi, kuna maji nje ya pafu. Na pale ambapo maneno ya mgonjwa yalipanda moja kwa moja ndani ya bomba, kana kwamba kifua chenyewe ndicho kinachosema, pafu lilikuwa limetobolewa na kifua kikuu, limebaki na pango. Mwaka 1819 akatoa yote katika vitabu viwili. Aliyenunua aliweza kuongeza faranga chache apate na bomba la mti.

Jambo moja katika kazi hiyo hunigusa kila ninapolifikiri. Neno la Kifaransa alilolitumia kwa milio ile ya kifua ndilo watu wa kawaida walilolitumia kwa mkoromo wa mtu anayekata roho. Laennec akaona kwamba mgonjwa akilisikia kitandani atadhani hukumu imeshatoka. Kwa hiyo mbele ya wagonjwa alitumia neno la Kilatini badala yake. Ni wangapi kati yetu huenda kumwona mgonjwa na kujadili hali yake juu ya kichwa chake, kana kwamba hana masikio?

Usidhani nakuchorea malaika. Alikuwa na ulimi mkali. Yeye na Broussais, daktari maarufu aliyewafyonza wagonjwa damu kwa ruba na aliyemshambulia vikali, walirushiana maneno ambayo hayakumpendeza yeyote. Tena Laennec alikosea jambo kubwa: hakuamini kwamba kifua kikuu huambukizwa kutoka mtu hadi mtu. Dunia ilisubiri hadi 1882, Robert Koch alipokionyesha kimelea chake. Laennec alitumaini hewa ya bahari ya kwao Brittany, hata akaagiza mwani mbichi uwekwe wodini ili wagonjwa wavute harufu ya pwani. Hakuponya mtu kwa mwani. Dawa hazikuwepo.

Sisi tunazo. Hapa ndipo ninapoomba tuambizane ukweli, ndugu yangu katika Kristo. Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili anatakiwa kupelekwa kituo cha afya akapimwe makohozi, na kifua kikuu kinatibika kwa dawa za miezi kadhaa zisizokatizwa. Hata hivyo, wapo waumini wanaoficha kikohozi kwa aibu huku wakikaa kwaya moja na wenzao, na wapo wahubiri wanaomwambia mgonjwa aweke dawa chini ili kuthibitisha imani yake. Laennec alisali kila siku, na kila siku aliinama juu ya kifua cha mgonjwa mpaka shingo ikamuuma. Mungu aliyepuliza pumzi puani mwa Adamu hakukasirika mtu alipotaka kujua jinsi pumzi hiyo inavyopita.

Mwaka 1814 hospitali za Paris zilijaa askari vijana wa Brittany, majeruhi na wagonjwa. Hawakujua Kifaransa. Walikufa bila mtu wa kuwaelewa. Laennec alipanga wakusanywe mahali pamoja, akawatibu akizungumza nao Kibretoni, lugha ya nyumbani. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya zile karatasi, nami naamini kusikiliza kwake kulianzia hapo.

Mwili wake haukudumu. Kitabu kilipotoka mwaka 1819 alikuwa hoi, akarudi shambani kwake Kerlouarnec, karibu na bahari. Alipopata nguvu aliitwa tena Paris, akafanywa profesa mwaka 1822, na wageni wa nchi nyingi wakaja kujifunza kwake. Mwaka 1824 alimwoa Jacquette Argou, mjane aliyekuwa akimtunzia nyumba. Hawakupata mtoto. Alikamilisha toleo la pili la kitabu mwaka 1826, akikohoa, homa ikipanda kila jioni.

Kijana wa ukoo wake, Mériadec, naye daktari, alimsikiliza kifua kwa chombo kile kile na kumweleza alichosikia. Laennec hakuhitaji maelezo marefu. Sauti hizo alikuwa amezipa majina mwenyewe. Akasafiri na mkewe kurudi Kerlouarnec, safari ya siku nyingi kwa gari la farasi, na huko alifariki tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na umri wa miaka 45. Inasimuliwa kwamba saa chache kabla ya kufa alijivua pete zake moja moja na kuziweka mezani, ili mtu mwingine asipate uchungu wa kumvua.

Alizikwa Ploaré, karibu na shamba lake. Stetoskopu yake alimwachia Mériadec, na katika wosia aliitaja kuwa ndiyo sehemu bora ya urithi wake.