Padre Friedrich Spee, Mshairi Aliyewatetea Walioitwa Wachawi

Padre Friedrich Spee, Mjesuiti aliyezaliwa Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1591, alikuwa mshairi wa nyimbo za ibada, na Wajerumani huimba wimbo wake wa Majilio hadi leo. Sisi twamkumbuka zaidi kwa kitabu ambacho hakukitia jina lake.

Ulikuwa wakati wa Vita ya Miaka 30. Katika njaa, tauni na hofu, watu walitafuta wa kulaumiwa, na wanawake wengi walishtakiwa uchawi, wakateswa na kuchomwa moto. Spee aliwaungamisha baadhi ya waliohukumiwa, akasadiki kuwa hawana hatia. Mwaka 1631 kikatoka kwa Kilatini kitabu chake, Cautio Criminalis. Humo alionesha kuwa mateso humfanya yeyote akiri lolote: anayekiri ni mchawi, na asiyekiri huambiwa ni uchawi unaomtia ugumu. Vikongwe wenye macho mekundu katika vijiji vyetu wangeielewa hoja hiyo upesi. Aliwalaumu watawala, mahakimu, hata mapadre waliochochea. Hilo la mwisho, kwa maoni yetu, ndilo lililohitaji moyo zaidi. Siri ya jina lake haikudumu, na wapo Wajesuiti wenzake waliotaka aondolewe shirikani.

Mwaka 1635, akiwahudumia askari wagonjwa huko Trier, aliambukizwa tauni, akafariki tarehe 7 Agosti, mwenye umri wa miaka 44. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1649. Johann Philipp von Schönborn, aliyemfahamu, alipokuwa Askofu wa Würzburg na baadaye Askofu Mkuu wa Mainz, alizikomesha kesi za uchawi katika himaya yake.