Apolo Kivebulaya: Mwalimu aliyerudi Mboga baada ya kufungwa

Wafanyabiashara wanaotoka Fort Portal kwenda Bundibugyo, kisha wakavuka mpaka kuingia Kongo, hushuka katika bonde la Mto Semliki. Mwaka 1896 kijana mmoja wa Kiganda alishuka katika bonde hilo hilo kwa miguu, akavuka mto na kupanda vilima vya ng'ambo hadi Mboga, mahali ambapo siku hizi ramani huandika Boga, katika Jimbo la Ituri. Hakuwa na bidhaa ya kuuza. Alikuwa mwalimu wa dini, na watu wa huko walikuwa wamekwisha kuwashinda kwa njaa walimu wawili waliomtangulia.

Jina lake lilikuwa Apolo Kivebulaya. Alipokufa Mei 30, 1933, kazi yake ilikuwa imeenea pande zote mbili za mto ambao wakati huo ulikwisha kuwa mpaka wa Uganda ya Waingereza na Kongo ya Wabelgiji. Kazi hiyo haikukua kwa haraka. Ilianza kwa kipigo na gereza, na nusura iishie hapo.

Askari kabla ya kuwa mwalimu

Kivebulaya alizaliwa Buganda katika miaka ya 1860. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Alikua katika nchi iliyokuwa ikibadilika upesi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufika katika jumba la Kabaka wakiwa na nguo, bunduki na Uislamu. Wamisionari Waanglikana wa Uingereza walifuata mwaka 1877, na Wakatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879.

Vijana wengi wa Buganda walisikia mafundisho ya pande hizo zote, na Waswa alikuwa mmoja wao. Alipata kuwa upande wa Waislamu. Pia alimsikiliza Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland aliyefika Buganda mwaka 1878. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa, na nchi ikaingia katika vita vya makundi ya dini vilivyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Waswa aliishi maisha ya askari katika vurugu hizo. Yeye mwenyewe baadaye hakuficha kwamba alikuwa mvuta bangi na kwamba ujana wake ulikuwa na mambo asiyojivunia.

Alibatizwa Januari 1895 kwa jina la Apolo. Jina la pili alipewa na watu. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake nyeupe, na kwa kuwa koti hilo lilitoka Bulaya, yaani Ulaya, wakamwita Kivebulaya, kitu kilichotoka Ulaya. Jina la utani likawa jina la maisha.

Kwenda magharibi

Mwaka huo huo wa 1895 alitumwa Toro, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mtawala wa Toro, Omukama Kasagama, alikuwa akijenga upya ufalme wake baada ya misukosuko, na mwaka 1896 naye alibatizwa kwa jina la Daudi. Walimu kutoka Buganda walipokewa vizuri. Walipewa chakula, watu wa kuwasikiliza na kibali cha mtawala.

Ng'ambo ya Semliki mambo yalikuwa tofauti. Chifu wa Mboga, Tabaro, aliwapokea walimu wawili Waganda, lakini baada ya muda alichoka nao. Mafundisho yao yaligusa ndoa za wake wengi, pombe na heshima ya waganga, mambo ambayo utawala wake uliyategemea. Tabaro aliamuru watu wasiwape chakula. Walimu hao hawakuwa na shamba, wala hawakuwa na ndugu wa kuwakimbilia. Wakarudi Toro.

Kivebulaya alijua habari hizo alipokubali kwenda Mboga mwishoni mwa mwaka 1896. Inasimuliwa kwamba katika mizigo yake michache alichukua jembe. Buganda kilimo cha chakula kilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyewahi kuwa askari angeweza kuona aibu kuinama shambani mbele ya wageni. Lakini aliyelima chakula chake hangeweza kufukuzwa kwa kunyimwa chakula.

Mkuki uliomfunga

Mwanzo ulikuwa na matumaini. Watu wachache walikuja kujifunza kusoma, na wengine wakaomba kubatizwa. Ndipo Tabaro alipoona kwamba mgeni huyu haondoki kama wale wa kwanza. Kivebulaya alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto.

Pigo kubwa zaidi lilitokana na ajali. Wakati nyasi na matete ya kujengea yalipokuwa yakikusanywa, jamaa wa kike wa chifu aliangukia mkuki uliokuwa hapo, akafa. Lawama zikamwangukia mwalimu. Alishtakiwa kwa mauaji, akafungwa minyororo na kupelekwa ng'ambo ya Semliki hadi Toro, kwa ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akisimamia eneo hilo, akatiwa gerezani.

Kwa mtu aliyekuja kufundisha, hakuna jambo lingeweza kuharibu jina lake zaidi ya hilo. Waliomwamini Mboga walibaki bila mwalimu, na waliompinga walikuwa na ushahidi wa kutosha, kwa maoni yao, kwamba dini yake inaleta vifo.

Katika siku hizo za mateso Kivebulaya alipata jambo ambalo alilisimulia maisha yake yote. Alieleza kwamba Kristo alimtokea aking'aa kama jua na kumwambia asiogope, kwa kuwa yuko pamoja naye. Tangu wakati huo, kwa maelezo yake, hofu ilimtoka. Alipoachiwa, wenzake wa Toro wangeelewa kabisa kama angeomba kituo kingine. Yeye alirudi Mboga.

Chifu abadilika

Kurudi huko ndiko kulikobadilisha mambo. Tabaro alikuwa amemwona mwalimu akipigwa, akichomewa nyumba na kupelekwa kwa minyororo, na sasa alimwona akirudi bila askari wa kumlinda na bila kudai fidia. Chifu aliyekuwa mpinzani mkubwa akaanza kuhudhuria mafundisho, na hatimaye akabatizwa kwa jina la Paulo. Baada ya hapo watu wengi walifuata.

Kivebulaya alikuwa na tabia ya kuandika. Aliacha shajara kwa Kiganda na masimulizi mafupi ya maisha yake, na kutokana nazo wasomi wa baadaye wamepata kumfahamu bila kutegemea vitabu vya Wazungu waliomfahamu peke yake. Ni kumbukumbu za mtu anayetembea sana: vijiji alivyopita, mafundisho, ubatizo. Ukuaji wa kazi aliupima kwa watu wanaojua kusoma na walio tayari kuwafundisha wenzao. Kwa hiyo kila alipokaa alitafuta vijana wa pale pale wa kuandaa kuwa walimu, ili asipokuwapo shule isifungwe.

Suala la lugha nalo lilikuwa na uzito. Walimu wa kwanza walikuja na vitabu vya Kiganda, na baadhi yao walitaka kila mtu ajifunze Kiganda kwanza. Watu wa Toro walitaka vitabu kwa lugha yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 mmisionari H. E. Maddox alitafsiri maandiko kwa lugha ya Toro na Bunyoro. Wahema wa Mboga walizungumza lugha ya jamii hiyo hiyo, kwa hiyo vitabu hivyo vilivuka Semliki na kutumika huko kwa miongo mingi.

Mpaka wapita katikati ya kazi

Kivebulaya akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia Toro, kwa kuwa kanisa lilimhitaji huko. Wakati yeye akitembea kijiji hadi kijiji, serikali za Ulaya zilikuwa zikibishana kuhusu ardhi hiyo hiyo.

Mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji uliweka mpaka kwenye mstari wa nyuzi 30 mashariki. Mstari huo ulichorwa kwenye karatasi, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa uhakika unapita wapi katika vilima vya Mboga. Wapimaji walitumwa mwaka 1907 na 1908. Mei 1910 mataifa husika yalikubaliana mpaka ufuate Mto Semliki katika eneo hilo. Mboga, ambayo watu wake walikuwa na lugha, ndoa na njia za biashara pamoja na Toro, ikawa Kongo.

Kwa familia za pande mbili, mto uliokuwa kivuko ukawa mahali pa kuulizwa barua. Kwa kanisa la Mboga, matokeo yalikuwa kubaki katika koloni la Wabelgiji, ambako serikali iliegemea zaidi misheni za Kikatoliki, huku viongozi wao wa Kianglikana wakiwa Uganda. Waumini wa Mboga waliendelea kwa miaka kadhaa wakitegemea zaidi walimu wa kwao. Kwamba kanisa halikufa katika kipindi hicho ni ushahidi kwamba vijana waliofundishwa miaka ya mwanzo walikuwa wamekomaa.

Katikati ya miaka ya 1910 Kivebulaya alirudi Mboga kuishi. Alikuwa na umri wa takriban miaka 50, Mganda wa Uganda anayeishi katika nchi ya Wabelgiji, na hapo ndipo alipopahesabu nyumbani hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1922 kanisa lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe. Heshima hiyo haikumrudisha Kampala.

Msituni Ituri

Magharibi ya Mboga unaanza msitu wa Ituri, makazi ya Wambuti, watu wa kimo kifupi wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, asali na mizizi. Majirani zao wakulima walibadilishana nao nyama kwa ndizi na vyuma, lakini wengi waliwadharau. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 Kivebulaya alianza kuingia msituni kuwatafuta.

Wambuti walihama kambi kwa kufuata mawindo, hivyo mwalimu ilibidi ahame nao au awakute njiani. Katika uzee wake alikuwa akifanya tena kile alichokifanya akiwa kijana: kuingia mahali pasipomjua, kujifunza namna watu wanavyoishi, kuketi nao. Alisaidia pia juhudi za kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kabla ya kufa aliwaona Wambuti wa kwanza wakibatizwa.

Alipougua kwa mara ya mwisho alitoa maagizo kuhusu kaburi lake. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Kivebulaya aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa haijafika. Alizikwa Mboga.

Kilichobaki

Mwaka 1972 Boga ilifanywa makao ya dayosisi ya Kianglikana, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakapata jimbo lao la kanisa. Kuenea huko hakukutokana na wamisionari peke yao. Watu wa Boga waliohamia Bunia, Beni na miji mingine kutafuta kazi, shule na biashara walikutana majumbani kusali, na vikundi hivyo vikakua kuwa makanisa. Walipochanganyika na watu wa makabila mengine, lugha ya ibada ikageuka kuwa Kiswahili, lugha ya masoko ya miji hiyo.

Boga yenyewe haijapata amani ya kudumu. Mwishoni mwa Mei 2021, katika siku za kumbukumbu ya kifo chake, washambuliaji waliivamia Boga na Tchabi iliyo jirani na kuua watu zaidi ya 50. Maelfu ya wakazi walikimbia.

Mwaka uliofuata, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa makaratasi ya jumuiya, Fort Portal na Boga zimo tena katika ukanda mmoja, kama zilivyokuwa wakati mwalimu mwenye koti jekundu alipovuka Semliki. Barabara na usalama wa kuziunganisha bado ni kazi ya serikali za pande mbili.