Imam Ghazali na tonge lililokataa kushuka

Ndugu msomaji, Imam Ghazali wamjua kwa Ihyau, lakini je, wajua kuwa kuna wakati alishindwa kabisa kula? Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 1058. Mwaka 1091 akapewa kusomesha Nidhamiya ya Baghdad, jina likavuma. Kumbe ndani moyo wamsuta: elimu hii aisomesha kwa ajili ya Allah au kwa kutaka sifa? Aondoke au abaki? Mvutano huo ulichukua karibu miezi sita. Mwaka huo wa 1095 ulimi ukafunga, darsa zikasimama, hata mchuzi haukupita kooni wala tonge halikusagika tumboni. Matabibu wakakata tamaa. Walisema ugonjwa umeingia moyoni, ndio ukaenea mwilini. Haya kayaandika mwenyewe katika Al-Munqidh.

Akatoka Baghdad, akaenda Sham, Quds, kisha Hijja.

Ndio maana nikisoma kitabu cha 23 cha Ihyau, kile cha matamanio ya tumbo, namwona mtu anayejua asemalo. Anasifu njaa, naam, lakini lengo lake ni kati na kati: tumbo lisikulemee wala njaa isikuume. Mlaji sana apunguze pole pole, asikate ghafla. Na yule anayejinyima mbele za watu ili aonekane mtawa, kisha akila kwa kujificha (tunajuana!), ameshamwandikia: hiyo ni riya.

Kusomesha rasmi alirudia mwaka 1106, Nishapur. Akafariki kwao Tus, mwaka 1111.