John Chemallan: Mtangazaji Aliyewaachia Watu Jina

Mshairi akifa huacha diwani, na fundi wa majahazi huacha chombo kikielea. Mtangazaji wa redio, hasa wa zama zile ambazo sauti aghalabu haikuwekwa, huondoka na maneno yake yote. Marehemu John Kipsugut arap Chemallan, mtu wa Bonde la Ufa, ni miongoni mwa wachache waliosalimika na jambo hilo. Katika yote aliyoyatangaza, neno moja lilibaki, na neno hilo leo ni jina la watu zaidi ya milioni sita.

Redio iliingia Kenya mwaka 1928, nayo ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliisikia akipita karibu na dirisha la bwana wake, na yaliyosemwa hayakumhusu. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyobadili mambo. Waafrika wa Kenya waliokaribia 100,000 waliingizwa jeshini, wakapelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma, na huku nyuma wazazi na wake zao walitaka khabari. Serikali nayo ilihitaji masikio yao. Hapo ndipo lugha za wenyeji zilipopewa nafasi hewani, na ndipo Chemallan alipopata kazi ya kuwasomea khabari za vita watu wa lugha ya Kinandi na ndugu zake. Vyombo vya kusikilizia vilikuwa haba na ghali, kwa hiyo chombo kimoja kilikusanya watu wengi.

Kila alipoanza alikuwa na desturi yake. Alisema: Kalenjok, yaani, nawaambia. Waliosoma chuoni watalielewa jambo hili upesi, kwani ni kama tofauti ya "laka" na "lakum" katika Kiarabu: ukimwambia mtu mmoja ni kalenjin, ukiwaambia wengi ni kalenjok. Halikuwa neno la siasa hata kidogo. Lilikuwa hodi ya mtangazaji tu, kama asemavyo mwenye hadithi kabla ya kuanza.

Lakini hodi hiyo iliingia katika nyumba ambayo haikuwa na jina. Wanandi walikuwa Wanandi, na Wakipsigis waliandikwa Walumbwa katika vitabu vya serikali. Watugen waliitwa Wakamasia, Wapokot wakaitwa Wasuk. Na kulikuwa na Wakeiyo, Wamarakwet, Wasabaot na Waterik. Wote hao lugha zao zina udugu, lakini jina la pamoja hawakuwa nalo. Wataalamu waliwataja tu kuwa ni watu wasemao Kinandi, jambo ambalo Mkipsigis hakulipenda, na ni haki yake. Sisi wa Pwani tusilistaajabie. Wagiriama, Wadigo, Waduruma na wenzao nao walianza kujikusanya chini ya jina la Mijikenda katika miaka hiyo hiyo ya 1940, na kabla yake waliitwa kwa jina ambalo leo mtu mwenye adabu halitamki.

Walioliokota neno la Chemallan walikuwa vijana. Katika shule ya Alliance, kule Kikuyu, kulikuwa na wanafunzi 14 wa lugha hizo waliotaka jina la kundi lao. Wakachukua lile la redio, ila wakaligeuza likawa la mtu mmoja: Kalenjin. Askari nao kule vitani walikuwa wakijiita Kale, neno la ushujaa lenye kukaribiana nalo kwa sauti, basi mambo yakapandana. Mwaka 1948 ukaundwa Umoja wa Wakalenjin mjini Eldoret. Na Eldoret ya siku hizo haikuwa ya Mwafrika. Ulikuwa mji wa makaburu na walowezi wengine, ukiitwa 64 kwa nambari ya shamba, na kuanzia Plateau mpaka mjini ardhi ilikuwa ya mashamba yao. Mwenyeji aliishi humo kwa kibali cha mwajiri. Kuundia umoja mahali kama hapo kulihitaji moyo.

Na mtangazaji mwenyewe? Vita vilikwisha mwaka 1945, na khabari za vita zikakosa msomaji kwa kuwa zilikosa kisa. Hiyo ndiyo dhiki ya kazi ya namna ile: siku ya furaha ya wote ndiyo siku ya kufungwa kwake. Hata hivyo sauti iliyokwisha kuzoewa haisahauliki upesi. Mwaka 1948, mwaka ule ule wa Umoja wa Eldoret, Chemallan aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wanne tu. Wenziwe walikuwa Eliud Mathu, Beneaiah Ohanga, na James Jeremiah kwa upande wa Pwani. Lakini kiti hicho nacho kilikuwa cha kupewa. Gavana alikuwa na la mwisho, kama mwenye redio alivyokuwa nalo zamani. Lilipoundwa baraza la mwaka 1952, aliyekaa kwa niaba ya Bonde la Ufa alikuwa John ole Tameno, na Oktoba 1955 akaingia mwalimu kijana, Daniel arap Moi.

Kwa maoni yangu Chemallan hakutendewa haki na historia. Vitabu humtaja kwa mstari mmoja, kisha vikaenda kwa wakubwa. Neno lake lakini halikupumzika. Katika miaka ya 1950 lilikuwa jina la gazeti la kila mwezi. Mwaka 1960 lilikuwa jina la chama, Kalenjin Political Alliance, kilichoungana na chama cha Ronald Ngala wa huku kwetu kuunda KADU. Lilitajwa pia katika siku mbaya: mwaka 1992, na tena mwanzo wa 2008, nyumba zilipochomwa pande za Eldoret na watu wakauliwa kwa sababu ya majina ya makabila yao. Mtu aliyelitamka neno lile ili asikilizwe hangalijua kuwa siku moja litaulizwa kizuizini barabarani.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, waliojiandikisha kwa jina hilo walikuwa 6,358,113.